Laini ya Nyumba Saba

Siku ambayo bwana wa vitabu kutoka New York alitarajiwa kupiga simu, hakuna mwanamke hata mmoja wa bonde la Kvale aliyeoka mkate. Mkate humlazimu mtu kuacha simu na kwenda kwenye oveni, na hakuna aliyekuwa tayari kwa hasara hiyo. Wanaume walilishwa mapema wakaambiwa wana kazi nje. Mbwa wa akina Brekke, aliyekuwa na tabia ya kubweka mchana, alifungiwa ghalani na mfupa mkubwa kuliko yeye. Nyumba saba zilichangia waya mmoja wa simu, na ilipokaribia saa nane zote saba zilikuwa zimetulia kama kanisa kabla ya mahubiri.

Hakuna aliyekuwa ameambiwa. Ila Ardis Haugen alikuwa amempigia mama yake mzazi kumweleza kwamba kampuni ya vitabu imeisoma riwaya yake, na kwamba mhariri, Bwana Whitlock, atampigia Jumanne saa nane. Kumwambia mama yako jambo kwa laini ile ilikuwa sawa na kulibandika kwenye mlango wa kiwanda cha jibini.

Laini ilikuwa na sheria yake. Ulikuwa na ruhusa ya kusikiliza chochote, lakini hukusikia. Mtu akikohoa kwenye simu Jumamosi, Jumapili kanisani alipewa chupa tano za asali, na hakuna aliyeeleza amejuaje. Inasemekana msichana mmoja wa bonde hilo alipoposwa kwa simu alinyamaza kidogo ili afikiri, na alipokubali, nyumba sita zilishusha pumzi kwa pamoja hata upepo ukatoka kwenye mkonga wa simu ukamvua kofia. Hilo la kofia lina wabishi. Sheria haikuwa na wabishi.

Waya nao ulikuwa na sheria yake. Kila mkonga ulioinuliwa ulikunywa nguvu kidogo ya umeme, kwa hiyo masikio yakizidi, sauti inafifia. Na kila nyumba ilikuwa na alama yake ambayo haikuweza kuificha. Kwa Selmer Brekke kulikuwa na ndege wa kanari wa mkewe. Kwa mzee Thorvald kulikuwa na pumu yake mwenyewe. Kwa Verna Sletten kulikuwa na saa ya ukutani iliyotembea kama mtu aliyevaa viatu vya mbao.

Ardis alizijua alama zote. Alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa na Orrin Haugen na ng'ombe wake wa maziwa, na tangu hapo alikuwa mwandishi, ingawa ni yeye peke yake aliyetumia neno hilo. Gazeti moja la wakulima lilikuwa limechapisha hadithi yake kuhusu kuku. Riwaya aliiandika kwa misimu minne ya baridi, taipureta ikiwa juu ya meza ya cherehani, na kila nguo ilipohitaji kushonwa taipureta ilihamia kitandani. Mama mkwe wake, Gudrun, aliyeishi nao, alikuwa na maoni kuhusu mpango huo. Alipenda kusema kwamba shati la Orrin lina tundu la kupitisha paka, lakini kitabu, namshukuru Mungu, kinaendelea vizuri.

Simu ililia, milio miwili mirefu na mmoja mfupi, mwito wa nyumba ya Haugen. Ardis alijifuta mikono ambayo haikuwa na kitu, akainua mkonga.

Sauti ya Bwana Whitlock ilikuja ndogo, kama ya mtu aliye chini ya kisima. Kanari aliimba. Pumu ya Thorvald ilipanda na kushuka. Ardis alilibana sikio kwenye mkonga hadi likauma, na katikati ya ndege na pumu akaokota maneno aliyoyangoja tangu akiwa msichana: kampuni inakitaka kitabu. Itakitoa majira ya kuchipua.

Alishika meza. Gudrun, aliyekuwa jikoni akijifanya anakoroga sufuria tupu, aliacha kukoroga.

Lakini sura ya tisa, alisema Bwana Whitlock. Sura ya tisa ndiyo kitabu chenyewe. Ofisini wapiga chapa wawili walilia. Ila inakatika ghafla, kama mtu aliyetoka chumbani bila kuaga. Angependa kumsomea Ardis kipande kidogo ili aone anachomaanisha. Ardis alijibu kwamba hakuna haja, anaikumbuka vizuri sana. Bwana Whitlock alikuwa mtu wa mjini, mwenye kupenda sauti yake, na tayari alikuwa amekohoa ili aanze.

"'Nimepasha maziwa tena leo, dada. Najua hayupo. Mikono inayapasha yenyewe. Nikishayapasha nasimama nayo hapo, sijui nimpe nani.'"

Kulisikika mlio wa mkonga kuwekwa chini, na kanari akatoweka. Sauti ya Bwana Whitlock ilipanda kidogo. Akaendelea kusoma habari za viatu vidogo vya sufi ambavyo mama huyo hakuweza kuvitoa kwenye kamba ya nguo. Mkonga mwingine ukawekwa, halafu mwingine. Pumu ya Thorvald iliondoka. Kila nyumba ilipokata, yule bwana alisikika vizuri zaidi, na Ardis alisimama pale akitamani asisikike. Ikabaki saa ya ukutani peke yake, na viatu vyake vya mbao.

"Niambie, Bibi Haugen," aliuliza Bwana Whitlock, "maneno haya umeyapata wapi?"

Saa ilitembea.

"Nimebuni," alisema Ardis.

Mkonga wa mwisho uliwekwa taratibu sana, kama mlango unavyofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Hapo sauti ya Bwana Whitlock iliingia jikoni nzima na safi hata Gudrun akageuka kuona nani amebisha. Bwana huyo alimwambia Ardis amtafutie mwisho wa sura hiyo na kumtumia mapema. Bila sura ya tisa, kwa kweli, hakuna kitabu cha kuzungumzia.

*

Tangu mchana ule laini ilikufa kwa kimya. Ardis alipoinua mkonga hakukuwa na kuku, wala wachumba, wala mapishi. Watu wa bonde la Kvale, ambao mvua ya Wisconsin na vita viwili havikuwahi kuwanyamazisha, walikuwa wamenyamaza.

Orrin alirudi kutoka kiwanda cha jibini na makopo matupu ya maziwa, akakaa mezani bila kuvua kofia. Alikuwa mtu mpole, mwenye mabega mapana, aliyekula chochote alichowekewa na kusema ni kizuri.

"Wamekutukana?" aliuliza Ardis.

"Wangenitukana ningejua pa kushika." Akaigeuza kofia mkononi, kwa kuwa sasa alikuwa ameivua. "Nilipoingia, wote kwenye benchi walisimama wakanipa kiti. Kile kiti cha mkaguzi, cha wageni. Wakaniuliza safari ilikuwaje. Safari gani, Ardis? Mimi naishi hapa."

Halafu akasema la pili, ambalo ndilo lililokuwa kubwa. Mashine ya Selmer ilikuwa imeugua.

Kila vuli Selmer Brekke alizunguka na mashine yake ya kukata mahindi mabichi na kuyapuliza ndani ya silo, ule mnara ambamo chakula cha ng'ombe huchachukia hadi majira ya baridi yaishe. Wanaume wa nyumba zote saba waliifuata shamba kwa shamba na matrekta yao, na wanawake wakapika. Hakuna aliyelipa wala kulipwa. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Haugen. Mashine iliugua ilipotoka kwa Thorvald, na kwa jinsi Selmer alivyoielezea, ilitarajiwa kupona itakapofika kwa anayemfuata Haugen. Mahindi ya Orrin yalikuwa yamesimama marefu, yakingoja. Jalidi, umande ulioganda, ikiyawahi yatakauka yakiwa shambani, silo itabaki tupu, na kabla ya Krismasi ng'ombe wataanza kuondoka mmoja mmoja.

Gudrun alisema dawa inajulikana. Itolewe hiyo sura.

"Bila hiyo sura hawakichukui kitabu, Mama."

"Basi wasikichukue. Mimi nimeishi bila kitabu na sikosi usingizi." Alimenya viazi viwili kwa hasira. "Na mimi nimo humo?"

"Hapana, Mama. Wewe humo."

Gudrun aliweka kisu chini. "Nimekaa ndani ya nyumba hii tangu kabla hujaingia. Sikupata hata ukurasa mmoja?"

Orrin alitazama dirisha ili asicheke, kisha akakumbuka mahindi na hakucheka. Hakumwambia Ardis aitoe sura. Alisema tu kwamba panga la zamani la baba yake bado liko ghalani, na kwamba kesho ataanza kukata kwa mkono, upande wa kisimani, aone atafika wapi. Wote watatu walijua atafika wapi. Shamba lile mtu mmoja angelimaliza mwaka unaofuata.

Ardis alikaa mbele ya taipureta, akaitoa sura ya tisa na kuunganisha ya nane na ya kumi. Zilishikana vizuri kabisa. Kitabu kilisimama kama nyumba yenye madirisha yote na mapazia yote, ambayo hakuna mtu anayeishi ndani yake. Akairudisha. Alikuwa ameandika kurasa hizo miguu ikiwa ndani ya oveni iliyopoa ili vidole visigande. Hakuwa tayari kuzichoma kwa sababu ya kiti cha mkaguzi. Na hakuwa tayari kumwona Orrin akikata mahindi kwa panga huku yeye akihesabika mwandishi. Kama kulikuwa na njia ya tatu, ilianzia kwa Verna Sletten.

*

Nyumba ya Verna ilikuwa upande wa pili wa kijito, karibu kiasi kwamba nguo zake kwenye kamba zilionekana kutoka jikoni kwa Ardis. Gudrun hakumruhusu aende mikono mitupu. Haijawahi kutokea mtu wa Kvale kubisha mlango bila bakuli.

Verna alifungua. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele zilizobanwa nyuma na mikono ya mkamuaji, mikubwa kuliko yeye. Alitazama bakuli kabla ya kumtazama Ardis.

"Hiyo ni ya msiba?"

"Ni keki ya tufaha."

"Kama ni ya msiba, umechelewa nayo," alisema Verna. Lakini alisogea, kwa sababu haijawahi kutokea pia mtu wa Kvale kukataa bakuli.

Jikoni saa ya ukutani ilitembea. Ardis alikuwa amezoea kuisikia kupitia waya, na kwa karibu ilimtisha. Verna alimwaga kahawa, akaikata keki, akasukuma sahani. Mambo yote yalifanywa kama yanavyofanywa. Kisha akakaa.

"Ulisema umebuni."

"Niliogopa."

"Aliitwa Peder. Alikuwa na meno mawili, la tatu lilikuwa linachungulia. Kifaduro kilimchukua Februari. Hakubuniwa na mtu."

Ardis alisema anajua. Alisema alikuwepo mazishini, na kwamba kitabuni amebadilisha majina yote. Verna alimwacha amalize, kama mtu anavyomwacha mtoto amwage maziwa yote ndipo alete kitambaa.

"Unadhani nimekasirika kwa sababu umeniandika," alisema. "Andika. Ukitaka kuandika hata soksi zangu, andika. Nikuulize kitu. Siku ile nilipompigia dada yangu Lois, unajua sauti yake ilinifikiaje? Kama ya sisimizi. Mlikuwa mmeinua wote. Nilijua. Nilisikia kanari, nilisikia Thorvald anavyovuta pumzi. Msiba ulikuwa umeisha, mabakuli yenu nimeshayaosha na kuyarudisha kwa wenyewe, na hakuna mtu aliyekuwa anakuja tena. Nikasema, vizuri, wasikie. Yale ya maziwa sikumwambia Lois. Lois yuko Dakota, angenifanyia nini? Niliwaambia ninyi."

Ardis alitafuta mahali pa kuweka kikombe.

"Nilikaa pale dirishani mpaka saa ya kukamua," alisema Verna. "Hakuna gari lililokuja. Hakuna hata mtu kwa miguu."

"Sheria ya laini, Verna. Tungesema tumejuaje?"

"Sheria ya laini ni ya kuku na wachumba."

Hatimaye Ardis alisema ataitoa sura hiyo, kitabu na kife. Verna alimwambia akiitoa atamchukia mara mbili. Akauliza huyo wa mjini alisema nini baadaye, maana yeye alikuwa amekata. Ardis akamweleza: kwamba anataka sura ipate mwisho, kwa kuwa inakatika ghafla, kama mtu aliyetoka chumbani bila kuaga.

"Inaishaje?"

"Mwanamke anaweka mkonga chini. Basi."

"Haikuishia hapo," alisema Verna. "Wewe ulikuwa wapi?"

Ardis hakuwahi kuulizwa swali hilo, wala hakuwahi kujiuliza. Ilimbidi aanze mbali. Alisema alikuwa jikoni amesimama, ameziba mdomo wa simu kwa kiganja ili asisikike anavyopumua. Mikono ilikuwa na unga. Baadaye aliona alama nyeupe ya vidole vyake kwenye simu akaifuta kabla Gudrun hajaingia. Alivaa koti. Alifika mlangoni, akashika kitasa. Akaona nguo za Verna kwenye kamba, na vile viatu vidogo vya sufi. Akafikiri: nitasema nimejuaje? Akalivua koti akalitundika.

"Na maneno yangu ukayachukua."

"Nikayachukua."

Verna alitazama keki ambayo hakuna aliyeigusa. Akachukua kipande chake, akakila chote polepole, mpaka makombo.

"Andika hilo la koti," alisema.

Alipomsindikiza hadi kizingitini aliongeza kwamba ya mashine ya Selmer hayawezi, Selmer ni wa kukasirika polepole na kupoa polepole. "Ila naye alisikia siku ile," alisema. "Wote walisikia. Wanadhani wamekukasirikia wewe."

*

Orrin alikata mahindi kwa panga la baba yake, na kila jioni shamba lilionekana kama mtu aliyenyolewa kipande kimoja cha sharubu. Ardis aliandika. Alipika, akakamua, akalisha kuku, na katikati ya hayo yote akarudi kwenye meza ya cherehani na kupiga taipureta kama mtu anayegongea misumari. Herufi moja iling'oka. Akaifunga kwa uzi wa kushonea vifungo, akaendelea. Gudrun alichukua shati la Orrin lenye tundu akalishona mwenyewe kwa mkono, dirishani, bila kusema neno, na hilo pekee lingeweza kuandikwa gazetini.

Ardis aliandika unga, kiganja, kitasa. Aliandika nyumba zote zilizoinua, bila majina, na mwanamke mmoja katika nyumba mojawapo ambaye alivaa koti na kulivua. Alipomaliza alizifunga kurasa kwenye karatasi ya kupeleka New York. Kisha akazifungua tena. Hakuona sawa Bwana Whitlock awe wa kwanza kusikia.

Alikwenda kwenye simu ya ukutani, akashika kishikio cha kuitia, akakizungusha bila kuacha, mlio mmoja mrefu usiokatika. Mlio huo ulikuwa wa moto, au mtoto aliyepotea, na kwa mlio huo kila nyumba iliinua kwa haki, bila kujificha. Gudrun alitoka chumbani na kiatu kimoja.

Saa ya ukutani ilikuja kwanza. Halafu pumu. Halafu wengine, mmoja mmoja, na mwisho kabisa kanari.

"Ni Ardis Haugen," alisema. "Hakuna moto. Nilisema nimebuni, na sikubuni. Ninasoma jambo. Anayetaka kukata akate."

Akasoma. Alisoma maziwa na viatu, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, iliyotetemeka mwanzoni kisha ikakataa kutetemeka. Alifika kwenye unga, kiganja, koti. Alingoja milio ya mikonga kuwekwa, kwa kuwa alijua itaanzia hapo. Haikuja. Badala yake laini ilizidi kufifia, kanari akawa mbali, saa ikawa mbali, hata sauti yake ilimrudia sikioni nyembamba kama uzi. Watu walikuwa wanaita wengine wao waje, wanaume walioko nje, watoto, kila simu yenye mkonga wa pili imeinuliwa. Mwanamke alilivua koti akalitundika. Ukurasa ukaisha.

Hakuna aliyesema kitu. Ndiyo ilivyokuwa sheria, hawakuwa wamesikia. Ardis alisimama na karatasi mkononi, na Gudrun na kiatu chake, na kupitia dirishani Orrin akionekana upande wa kisimani, akiinama na kuinuka.

Halafu mtu alikohoa, kikohozi kizito cha mwanamume, karibu na ndege.

"Ardis," alisema Selmer Brekke, taratibu, kama anavyofanya mambo yote. "Sauti. Huku nyuma hatukusikia vizuri."

Katika maisha yote ya laini ile, hapo ndipo mtu alipokiri kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa anasikiliza.

"Anzia pale pa maziwa," alisema Verna.

"Na usikawie sana," alisema Selmer. "Nina mashine ya kuwasha."

Ardis aligeuza karatasi akarudi mwanzo. Alitanua miguu, akajaza kifua, akasoma kwa sauti kubwa kiasi kwamba upande wa kisimani Orrin aliacha kukata, akashusha panga, akainua kichwa.